Basi la Baba Christelle

Siku moja kabla ya harusi ya Christelle, nyumba ya baba yake, Baudouin, kule Alby nje ya Stockholm, ilijaa hadi watu wakawa wanakaa kwenye mikono ya makochi, kwenye kreti za soda, na wengine chumbani kwa wenye nyumba, kitandani, miguu ikining'inia. Kila mtu alikuwa na la kusema, na alilisema wakati mwenzake naye akisema. Jikoni sombe, majani ya muhogo, ilikuwa motoni tangu asubuhi, na mlango wa mbele ulikuwa haujafungwa tangu asubuhi hiyo hiyo. Jirani Mswidi wa ghorofa ya chini alikwisha kupanda kuuliza kwa upole kama wamefiwa. Alipoambiwa ni harusi akarudi na chungu cha maua, na sasa maua hayo yalikuwa juu ya televisheni, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyaweka kwingine.

Zachariah, baba mdogo wa bwana harusi, alikaribishwa kwenye kiti kizuri pekee. Alikuwa Mtanzania wa Hallonbergen, aliyefika Sweden kusoma wakati nusu ya watu wa sebule ile walikuwa bado mgongoni kwa mama zao. Alikunywa chai kidogo, akaweka kikombe juu ya goti, akakohoa.

"Bwana Baudouin, mzee mwenzangu," akasema. "Sisi upande wa kijana tumekaa, tukaona kazi imekuwa kubwa kwenu. Tumekodi basi. Jipya, lina kiyoyozi. Likishatushusha sisi kanisani, tunaweza kulileta hapa Alby liwachukue nyote, bibi harusi na watu wake."

Baudouin alitabasamu. Mkewe, Gaudiose, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, aliliona tabasamu lile akajua hakuna kitu hapo.

"Aksanti sana, mukwe. Lakini basi iko."

"Lipi? Lile lililoegeshwa huko nyuma?"

"Njo ile."

Zachariah alinyoosha shingo kuelekea dirishani. Basi la Baudouin lilikuwa jeupe, fupi, lenye alama ya kufutika nyuma pale ilipokuwa imebandikwa picha ya watoto wa shule. Wapwa walikuwa wanalifunga riboni kwenye vioo.

"Ni la mwaka gani, mzee?"

"Imepita ukaguzi mwezi wa tatu. Hakuna hata kosa moja."

"Nakubali. Nimeuliza mwaka tu."

"Quatre-vingt-treize," alisema Baudouin, tisini na tatu kwa Kifaransa, kwa haraka, kama mtu anayetaja umri wa mchumba aliyemzidi.

Kwao Uvira, Congo, binti hutoka kwa baba yake akiwa na watu wake wote, wakiimba, wala hakuna hata mmoja wao anayetangulia mbele yake. Kama ni kwa miguu, ni kwa miguu. Kama kuna gari, liwe gari la baba. Wakwe hawatumi gari. Wakituma gari wamekuja kuchukua, na anayechukua ndiye anayesimulia baadaye.

"Wakituletea basi," alisema Dancille, dada mkubwa wa Gaudiose, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "kesho watasema hata viatu vya mutoto walinunua wao. Watakuwa wamekuja kubeba Christelle sawa kochi ya duka ya Skärholmen."

Kicheko kilipita chumbani. Zachariah naye akacheka, kwa sababu alikuwa mgeni.

"Wazo langu lilikuwa moja tu," akasema. "Mjini pale wanabana sana magari ya zamani. Nisingependa tupate usumbufu."

Hapo ndipo sebule nzima ilipomrukia. Jumamosi. Harusi ni Jumamosi. Nani asiyejua kwamba Jumamosi kamera za kodi ya kuingia mjini zinalala? Mmoja alikwenda Vasastan, katikati ya mji, Jumamosi hakuletewa bili. Mwingine alikwenda Pasaka. Kisha akasimama Papy, mume wa Dancille, ambaye huendesha teksi na kwa hiyo mambo ya barabara huyafunga yeye.

"Mukwe, miye niko ndani ya Stockholm kila siku ya Mungu," alisema Papy. "Juma hadi juma. Ile kamera naijua sawa ninavyojua bibi yangu. Siku ya Posho, hiyo Jumamosi yenu, hakuna kitu."

"Unijue kwanza vizuri," alisema Dancille.

Katikati ya kicheko hicho Christelle alitokea kutoka chumbani, nywele zimeviringwa kwenye vibanio, uso umepakwa kitu cheupe. "Pappa, det är inte samma sak," akasema, na alipoona hakuna aliyegeuka akarudia kwa Kiswahili. "Baba, si kitu kimoja. Ile ya kamera ni kodi. Kuna ingine, ya malori na mabasi ya dizeli ya zamani. Haziruhusiwi kuingia. Hata siku ya Mungu haziingii. Nimesoma."

"Bibi harusi aende akapumzike," alisema Papy. "Uso wake unakauka."

Wakacheka tena. Zachariah aliangalia kikombe chake. Alikuwa amesikia habari hizo kazini, na alikuwa karibu na uhakika kwamba binti alisema kweli. Lakini kumsahihisha baba wa binti, sebuleni kwake, mbele ya shemeji zake, usiku wa kuamkia harusi, ni jambo ambalo mkwe halifanyi. Akamaliza chai, akaaga mmoja mmoja.

*

Jioni ilikuwa bado nyeupe kama mchana, ndivyo ilivyo mwezi wa sita. Baudouin alikuwa chini akiosha magurudumu ya basi. Christelle alishuka na kandambili, uso umesafishwa.

"Umekasirika?" baba akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Nataka unisikilize tu, bila wale."

Aliinama karibu naye. Alimweleza jambo ambalo Baudouin alilijua nusu. Mchungaji wa kanisa la harusi, kule Södermalm katikati ya mji, mama mmoja Mswidi mwenye nywele fupi za mvi, alikuwa amekataa baba amwongoze bibi harusi. Alisema huku kwao wanaooana huingia pamoja, kwa sababu mwanamke si mali ya kutoka mkono wa mwanamume huyu kwenda mkono wa yule. Christelle alirudi kwake mara ya pili, na mara ya tatu.

"Nilimwambia baba yangu hanikabidhi kwa mtu. Ananisindikiza. Nikamwambia tulitoka Congo, miye mugongoni kwako, na sasa nataka kutembea kando yako. Akafungua kalenda yake. Halafu akasema sawa, lakini siku hiyo kuna harusi moja baada ya nyingine. Ikifika saa nane tuwe tumetoka. Tukichelewa hatungojwi."

Baudouin aliikamua spanji. Akahamia gurudumu lingine.

"Tuende wewe na mama na miye na metro," alisema Christelle. "Ama Papy atupeleke. Basi ibaki."

"Bibi harusi ndani ya taxi, mita inahesabu?"

"Pappa."

"Hii basi nimebebea watoto ya Waswidi, ku baridi ya kaskazini, majira tisa. Hakuna siku ilinilaza barabarani. Wanakwama wao na zao mpya, miye nawapita. Walipofunga ile kazi nikainunua. Nimebeba kwaya mpaka Norrköping, nimebeba kilio ya watu mpaka Södertälje. Leo ni mutoto wangu, nimuweke mu gari ya mutu?" Alisimama, mgongo ukalia. "Utaingia na miye. Mbele kabisa, nyuma ya usukani. Nimekwisha kuweka kitambaa."

Christelle aliangalia kiti kile kupitia kioo. Kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe la mama yake, lile la wageni. 

*

Waliondoka Alby kabla ya saa sita, kwa honi. Dancille na mashangazi wawili walikuwa wamegombania kiti cha pili hadi wakakikalia wote watatu. Wimbo ulianza kabla ya basi kutoka kwenye maegesho na haukupumua hadi barabara kuu. Waswidi kwenye magari mengine waliinua vidole gumba, watoto walipunga mikono. Nyuma ya basi moshi ulikuwa unatoka, si mwingi, mweusi kidogo wakati wa kupandisha mlima, lakini nani katika wale waliokuwa ndani aliangalia nyuma?

Walipokaribia daraja la Liljeholmen, la kuingilia mjini, kulikuwa na ishara kando ya barabara. Baudouin alikuwa ameiona siku nyingine, akiwa abiria kwenye gari la Papy, na alikuwa amehesabu kwamba ni mambo yale yale ya kamera. Leo aliipita akiimba. Christelle aliisoma, akashika pindo la gauni lake.

Polisi walikuwa upande wa pili, Hornstull. Kijana mmoja mwenye fulana ya njano alitoka katikati ya barabara na kuwaelekeza kando, nyuma ya lori la mboga ambalo dereva wake alikuwa tayari amesimama nje na karatasi zake. Wimbo ulikufa kutoka mbele kwenda nyuma, kiti kwa kiti.

"Hongereni," alisema polisi kwa Kiswidi alipoingia na kuona gauni. Aliomba leseni na karatasi za gari. Alizisoma bila haraka. "Basi hili lilisajiliwa mara ya kwanza elfu moja mia tisa tisini na tatu."

"Ndiyo. Limepita ukaguzi."

"Naona. Lakini haliruhusiwi ndani ya mji. Hili ni eneo la mazingira. Gari zito la dizeli la umri huu haliingii."

"Leo ni Jumamosi," alisema Baudouin.

"Unazungumzia kodi. Hii si kodi. Hii ni siku zote."

Ndani ya basi hakuna aliyemwangalia Christelle.  Papy, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, alikuwa amepata ujumbe wa muhimu sana kwenye simu yake na aliusoma akiwa ameinama.

"Bwana," alisema Baudouin, na Kiswidi chake kizuri cha kaskazini kikaanza kuchechemea. "Kanisa liko hapa hapa mbele. Nikiwashusha narudi moja kwa moja. Ni binti yangu."

"Naelewa. Kweli naelewa. Lakini nikikuruhusu wewe, huyo wa mboga nimwambie nini?" Yule wa mboga, aliposikia anatajwa, aliwatazama kama watu waliokuwa wanataka kumpita kwenye foleni. "Nitakuandikia faini, kisha ugeuze hapa urudi ng'ambo ya daraja."

"Niliache hapa kando basi. Tutembee."

"Hapa ni kituo cha mabasi. Litavutwa. Kuna mwingine mwenye leseni ya basi anayeweza kulirudisha?"

Swali lile halikuhitaji tafsiri. Baudouin aligeuka akawaangalia watu wake. Ndani mle kulikuwa na muuguzi, wasafishaji, fundi wa lifti, wapiga gitaa wawili na dereva wa teksi, na hakuna hata mmoja mwenye leseni ya basi. Walimwangalia naye kwa macho ya watu walioambiwa wataje jina la mkosaji.

"Ni miye peke yangu," akasema, kwa Kiswahili, kisha akakumbuka akasema kwa Kiswidi.

Christelle alikuwa amekwisha kutoa simu. Alizungumza na Gregory, mchumba wake, kwa sauti ya chini na kwa Kiswidi cha haraka. Baudouin alisikia neno Hornstull na neno basi.  Mashangazi walishuka mmoja mmoja wakishika vitambaa vyao vichwani, wakasimama kando ya barabara na maua ya plastiki, na watu waliokuwa wanakunywa kahawa nje ya mgahawa wakaacha kunywa.

Basi la kina Zachariah lilifika kabla faini haijaandikwa yote. Lilikuwa refu, la kijivu, mlango wake ulifunguka bila sauti. Zachariah mwenyewe alishuka, suti nyeusi, na kwa heshima yake hakuangalia basi la Baudouin hata mara moja.

"Nafasi ipo, mzee mwenzangu," akasema. "Tele."

"Nilijua," alinong'ona Dancille. "Kochi."

"Funga kinywa, yaya," Gaudiose akamwambia dada yake, na hakunong'ona.

Christelle alisimama mbele ya baba yake. Upepo wa ziwani ulikuwa unamchezea shela usoni na yeye hakuiondoa.

"Nakungoja," akasema.

"Hawangoji. Ulisema mwenyewe. Panda." Baudouin alitazama saa ya polisi, kwa sababu ya kwake aliiacha nyumbani ili asiharibu suti. "Naiweka ng'ambo, nakuja na metro. Ni vituo viwili. Nitafika mbele yenu."

Alisubiri hadi mlango wa kijivu ulipofungwa, bila sauti. Halafu polisi alisimamisha magari kwa mkono ili ageuze. Alimfanyia kazi hiyo vizuri sana, kama anavyofanyiwa balozi.

*

Ng'ambo ya daraja hakukuwa na pahali pa kuweka basi. Maegesho ya kwanza yalikuwa ya magari madogo. Ya pili yalikuwa na chuma juu, na paa la basi la Baudouin lilipita kimo cha chuma kile. Akazunguka. Akaingia kwenye barabara ya ujenzi, akarudi kinyumenyume, riboni moja ikanaswa na kubaki kwenye uzio. Mwishowe alilisukuma ubavuni mwa ghala la matairi lililokuwa limefungwa, akafunga mlango, akakimbia. Viatu vilikuwa vipya. Kwenye ngazi za metro mama mmoja mzee alimpisha bila kuombwa, akidhani labda mtu anazaliwa hospitalini.

Treni ilikuja. Ilikwenda. Ilisimama katikati ya njia, gizani, kama zinavyosimama, na sauti ikasema kitu kuhusu kusubiri kidogo. Abiria wengine waliendelea na magazeti yao. Baudouin alisimama mbele ya mlango akijiona kwenye kioo cheusi, na tai yake.

Alipofika kwenye ngazi za kanisa alikuta bibi harusi mwingine, Mswidi, akingoja zamu yake na kundi dogo la watu waliovaa rangi za bahari. Wakati huo huo milango ilifunguka, na nyimbo za mashangazi zikatoka kabla ya watu. Kisha wakatoka Christelle na Gregory, na mchele ukarushwa.

Baudouin alijisogeza pembeni ya nguzo. Mpiga picha alikuwa anapanga watu: wa kijana huku, wa binti huku. Upande wa binti kulikuwa na nafasi kando ya Gaudiose. Zachariah ndiye aliyemwona. Alishuka ngazi, akamshika kiwiko.

"Pole, mzee mwenzangu," akasema polepole, na alimaanisha. Ndiyo maana iliuma.

Katika picha hiyo, ambayo sasa iko ukutani Alby, Baudouin amesimama wima, jasho linang'aa, na mkononi ana funguo za basi. Christelle alimkumbatia kabla picha haijapigwa. "Det gör inget, pappa," alimwambia sikioni, haidhuru, na yeye aliyeishi kaskazini majira tisa ya baridi akakijua vizuri Kiswidi cha mtu anayedhurika.

*

Sherehe ilikuwa Alby, ukumbini. Watu wote walipanda lile la kijivu. Papy alifika mlangoni mwake, akamwona Baudouin amesimama hapo, akakumbuka kwamba alitaka kutembea kidogo kabla ya kupanda. Ni Gaudiose tu aliyegoma. Alikunja kitenge chake, akamfuata mumewe kwenye metro, wakasimama mbali kidogo kama watu wasiojuana, wakatembea hadi kwenye ghala la matairi.

Gaudiose alikalia kile kiti chenye shuka jeupe, nyuma ya usukani. Basi liliwaka mara ya kwanza, kama kawaida yake.

Walifika barabara kuu ndipo aliposema. "Jana Zachariah alikuja na adabu yake yote. Weye ukamwonyesha meno."

"Najua."

"Mutoto akasema. Akasema mara mbili. Mukamwambia uso unakauka."

"Ilikuwa Papy."

"Ilikuwa nyumba yako."

Baudouin alibadilisha gia. Gari dogo jekundu likawapita, waliokuwa ndani yake wakaona riboni, wakapiga honi za furaha, watoto wakipunga.  Viti vyote nyuma yao vilikuwa vitupu, na kwenye kimoja kulikuwa na ua la plastiki lililosahauliwa likitikisika.

"Nani alimshika mukono?" akauliza mwishowe. "Zachariah?"

"Alitaka. Aliomba vizuri, akasema nasimama kwa niaba ya baba yako. Mutoto akasema hapana."

"Aliingia na Gregory? Sawa vile mchungaji alitaka?"

"Yule mchungaji alimwambia hivyo. Akasema, haya, ingieni wawili, sasa imekuwa rahisi. Christelle akasema hapana tena. Akasimama mulangoni mpaka dakika ya mwisho, piano inapiga inarudia. Halafu akaingia peke yake." Gaudiose aliukunja mkono wake wa kuume, kiwiko kimetoka nje kidogo, vidole vimefungwa kifuani. "Hivi. Mpaka mbele. Sawa mutu amemushika."

Baudouin aliangalia kwenye kioo cha ndani, akauona ule mkono. Aliendelea kuuangalia muda mrefu kuliko inavyofaa kwa dereva.

"Angalia barabara," alisema Gaudiose. "Na miye sijakusamehe. Usifikiri nimekuja huku kukusamehe. Nimekuja kwa sababu basi ya harusi haitembei tupu."

Gari lingine likawafikia, la vijana, madirisha wazi, wakapiga honi ndefu na kupiga kelele za hongera kwa bibi harusi waliyemtafuta kwa macho wasimwone. Baudouin alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Wajibu," alisema Gaudiose.

Hakuwajibu. Basi Gaudiose akasimama, akajishikilia kwenye bomba la nyuma ya dereva, akapitisha mkono begani kwa mumewe, akabonyeza honi mwenyewe, na hakuiachia hadi gari lile lilipopotea mbele kwenye njia ya kwenda Alby.